Basi Lililoundwa Ili Lifunguliwe

Mwenye basi la Routemaster huko Uingereza akikuambia gari lake ni la mwaka 1960, usikubali haraka na usimbishie. Namba iliyo mbele huenda ni ya mwaka huo kweli. Bodi huenda ilitoka kiwandani miaka mitatu baadaye ikiwa na namba nyingine. Injini huenda ni ya miaka ya 1990, tena ya kampuni ambayo haikugusa basi hilo lilipoundwa. Ni jembe la babu: mpini umebadilishwa mara tatu, jembe lenyewe mara mbili, na nyumbani bado linaitwa jembe la babu.

Watu wengi wakiona basi jekundu la ghorofa lenye umri wa miaka sitini likipakia abiria, husifu chuma cha zamani. Sifa hiyo imekosea mlango. Kwanza, sehemu kubwa ya bodi ya Routemaster si chuma, ni alumini. Pili, kilicholiweka hai hadi leo ni namna vipande vyake vilivyounganishwa, na hasa namna vinavyoweza kuachanishwa.

Turudi London, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Shirika la usafiri la jiji, London Transport, lilikuwa linajiandaa kuyaondoa mabasi ya umeme yaliyovuta moto kutoka nyaya za juu. Mabasi hayo yalikuwa makubwa, na lililohitajika ni basi la dizeli la kubeba abiria wengi bila kuongezeka uzito, maana kila kilo ya ziada hulipiwa kwa mafuta, matairi na breki. Basi la RT, lililokuwa kazini wakati huo, lilikuwa na viti 56 na uzito wa tani saba na nusu hivi. Timu iliyoongozwa na A. A. M. Durrant, huku sura ya gari ikichorwa na Douglas Scott, ilitoa basi la viti 64 kwa uzito ule ule. Sampuli ya kwanza, RM1, ilionyeshwa mwaka 1954, ikaanza kubeba abiria mwaka 1956. Hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1968, yalikuwa yametengenezwa mabasi 2,876.

Viti vinane vya ziada vilipatikanaje? Jibu ni kwamba waliitupa chesisi.

Msomaji aliyepanda gari za mbao za Unguja, zile tulizozoea kuziita chai maharage, anaujua mpangilio wa kawaida. Chini kuna chesisi ya lori, yenye injini, giaboksi na ekseli zake. Juu yake fundi seremala anajenga kibanda cha abiria. Chesisi ndiyo inayobeba mzigo, kibanda ni abiria mwingine tu. Ubao ukioza, fundi anauchomoa na kuweka mwingine. Lakini mlango wa gari hili hauingii kwenye gari lile, kwa sababu kila gari lilipimwa kwa jicho na mkono wa aliyelijenga.

Routemaster lilipindua mambo mawili kwa pamoja. Bodi ya alumini, iliyofungwa kwa ribiti, ndiyo iliyokuwa mfupa wa gari. Mbele, chini ya bodi hiyo, ilifungwa fremu ndogo iliyoitwa A, iliyobeba injini, usukani na springi za mbele. Nyuma ilifungwa fremu B, iliyobeba ekseli na springi za nyuma. Kati ya A na B hapakuwa na chuma kirefu cha kuziunganisha: bodi yenyewe ndiyo iliyozishika. Ukifungua bolti za fremu hizo na kuachanisha mabomba, nyaya na shafti, bodi inanyanyuliwa na magurudumu yanabaki chini.

Jambo la pili ni vipimo. Bodi zilikusanywa kwenye fremu maalumu za vipimo, hivi kwamba tundu la bolti katika basi la mia tano lilikaa pale pale lilipokaa katika basi la kwanza. Ujuzi huo haukuanguka kutoka mbinguni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, London Transport iliongoza kundi la viwanda lililounda ndege za kivita aina ya Halifax. Ndege haivumilii makadirio, na bawa lililotengenezwa kiwanda kimoja lilipaswa kuingia kwenye kiwiliwili kilichotoka kingine. Vita vilipokwisha, watu hao walirudi kwenye mabasi wakiwa wameshajua alumini, ribiti na nidhamu ya milimita.

Sehemu ya kazi hiyo ya ndege ilifanyika Aldenham, kaskazini mwa London, kwenye majengo yaliyokusudiwa kuwa bohari ya treni kwa njia ya reli ambayo haikukamilika. Baada ya vita Aldenham ikawa karakana kuu ya kukarabati mabasi, na hapo ndipo mpango mzima unapoeleweka. Kwa miaka michache basi lilifanya kazi barabarani, kisha likaitwa karakana. Bodi iliinuliwa kwa winchi, ikapelekwa upande wake. Palikuwa na mtambo wa kuikamata bodi tupu na kuilaza ubavu, fundi akasimama wima kukwangua na kurekebisha sakafu kwa chini. Sisi tuliozoea kumwona fundi amelala chali juu ya boksi, mafuta yakimdondokea usoni, tunaweza kuelewa thamani ya mtambo huo kuliko Mwingereza yeyote.

Fremu na mitambo vilipita njia nyingine. Hapa ndipo kitendawili cha namba kinapofumbuliwa. Kukarabati bodi kulichukua siku nyingi kuliko kukarabati fremu. Badala ya fremu iliyo tayari kuisubiri bodi yake, ilivishwa bodi yoyote iliyomaliza kutengenezwa, na namba ya basi lililoingia karibuni ikapewa basi linalotoka. Basi liliingia asubuhi ubavu umechubuka, na namba yake ile ile ikatoka getini inang'aa, juu ya gari ambalo kwa kweli ni jingine. Kwa mhasibu basi halikupoteza siku za kazi. Kwa mpenda historia wa leo ni maumivu ya kichwa, lakini bila ujanja huo asingekuwa na basi la kulipenda.

Mpangilio wa vipande uliruhusu hata mambo ambayo hayakuwa yamepangwa tangu awali. Viti 64 vilipoonekana vichache, wahandisi walichomeka dirisha fupi katikati ya bodi, na likapatikana toleo la RML lenye viti 72 bila kubuni basi jipya. Miaka ya 1990, injini za kampuni ya AEC za lita 9.6 zilipochoka, mabasi mengi yalitiwa injini za Cummins, Iveco au Scania. Injini ilikaa ndani ya fremu A, kwa hiyo upasuaji uliishia hapo, bodi haikuulizwa.

Hata hivyo, uchambuzi wa haki haufichi kasoro. Jukwaa la nyuma la kupandia lilikuwa wazi, bila mlango. Konda alisimama pale, akagonga kengele mara mbili, dereva akaondoka, kama konda wetu anavyogonga bodi ya daladala. Abiria waliruka na kushuka upesi, na kituoni basi halikukawia. Lakini mwenye kiti cha magurudumu hakuwa na pa kuingilia, wapo walioanguka, na mshahara wa mtu wa pili ulizidi kuwa mzito kadiri kampuni zilivyohamia kwenye basi la dereva peke yake. Fremu A na B ziliweza kubadilishwa, ila mahali pa kupandia palikuwa ndani ya bodi yenyewe. Tarehe 9 Desemba 2005 Routemaster likaondoka kwenye njia ya 159, ya mwisho katika huduma ya kawaida. Baada ya hapo yalibaki kwa muda kwenye njia za kumbukumbu, na pia kwenye ziara za watalii na harusi, ambako hadi leo bado yanapakia watu.

Somo linatuhusu. Dar es Salaam iliwahi kuwa na mabasi ya Ikarus, kumbakumba za shirika la usafiri la UDA, na watu wazima wanazikumbuka kwa mapenzi yale yale, ila kumbukumbu haipandiki kituoni. Tunapoagiza mabasi leo, tunauliza bei, viti na rangi. Swali la fundi ni jingine, na lingefaa kuulizwa kabla ya hundi kusainiwa: siku ekseli ya nyuma itakapokufa, tunafungua bolti ngapi, na ile ya basi la jirani itaingia?