Tundu la Tezini

Kwetu Mtwapa, mtu akisema amenunua boti huulizwa kwanza ina mashine gani. Akijibu ni ya kuning'inia nyuma, watu huitikia kwa kichwa na mazungumzo yakahamia bei ya samaki. Akijibu ni ya mguu, hupewa pole. Mimi nilipewa pole mara tatu kwa siku moja, na ya tatu ilitoka kwa yule yule aliyeniuzia.

Boti yenyewe ni ya faiba, futi 19, na ililetwa kutoka Uingereza na mtu ambaye wenyeji humkumbuka kwa mbwa wake kuliko kwa jina lake. Chini ya sanduku ambalo pia ni kiti mna injini ya petroli ya Volvo Penta, AQ130. Nje, nyuma ya tezi, umefungwa mguu wa 270: chuma cha alumini chenye umbo la goti, gia juu, gia chini, pangaboi mwishoni. Vyote ni vya miaka ya 1970. Waswidi waliouunda mguu huo waliufuata na wa 280, kisha 290, kisha mingine, na kila mpya ulipotoka wa zamani ulisogezwa hatua moja zaidi kuelekea kusahauliwa.

Wazo la mguu lilikuwa tamu tangu mwanzo. Aliyelifikisha sokoni ni Mmarekani Jim Wynne, mhandisi aliyekuwa ameacha kazi kwa Kiekhaefer, watengenezaji wa mashine za Mercury. Mwaka 1958 alivuka Atlantiki kutoka Copenhagen hadi New York kwa kiboti kidogo chenye mashine za kuning'inia, na mwaka uliofuata Volvo Penta wakaonyesha mguu uliotokana na mchoro wake, wakauita Aquamatic. Injini inakaa ndani, pakavu, kama ya gari. Mguu unakaa nje, unageuka kushoto na kulia badala ya usukani wa ubao, na ukikaribia mwamba au fungu la mchanga unauinua.

Na injini yenyewe kweli ni ya gari. Ya kwangu ni B20, ile ile iliyosukuma Volvo nyingi barabarani, na B20 si kitu ila B18 iliyoongezwa upana wa mitungi. B18 Mkenya anaifahamu hata kama hajui kwamba anaifahamu: ndiyo iliyokuwa ndani ya Volvo PV544 ya Joginder Singh na nduguye Jaswant waliposhinda Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1965. Nilipoambiwa hivyo nilijiona nimenunua kipande cha historia. Mwenye kuniambia alinikatiza. "Gari la Joginder halikuwa na tundu nyuma, mwalimu."

Hilo ndilo lenyewe. Ili injini ya ndani iushike mguu wa nje, lazima tezi litobolewe chini ya mstari wa maji, na tundu lenyewe ni la upana wa sahani ya wali. Mweleze jambo hili fundi wa majahazi wa Lamu, mtu ambaye maisha yake yote yamepita akiziba nyufa kwa pamba na mafuta, atakutazama kama uliyetoka kusema unalala na mlango wazi. Kinachozuia bahari isiingie humo ni mpira mmoja wenye mikunjo, unaojikunja na kujinyoosha kila mguu unapogeuka. Fundi wangu huuita akodiani, kwa kuwa unafanana na ile ya taarabu. Ukipasuka, hakuna muziki. Wahenga waliosema ukienda tezi na omo marejeo ni ngamani hawakuujua mguu wa Volvo, lakini maji yanayopita kwenye mpira uliochoka yanaufuata msemo wao neno kwa neno.

Nilimwendea Fundi kabla ya kununua, na hilo ndilo jambo la busara pekee nililofanya katika mkasa wote. Alijifunzia kazi kwenye boti za uvuvi wa kitalii Malindi, na sasa karakana yake ni kivuli cha mwarobaini na kontena moja lenye kutu. Humo ndani mna mikebe ya maziwa ya unga iliyojaa bolti, kila mkebe na aina yake, na hakuna hata mmoja ulioandikwa chochote. Nilimuuliza kama boti ya mguu wa zamani ni ya kununua. Hakusema ndiyo wala la.

"Kwanza tafuta maiti," alisema. "Ukishaipata, ndipo ununue mgonjwa."

Ilinichukua muda kumwelewa. Mashine ambayo duka haliiuzii tena spea inahitaji ya pili, iliyokufa, ya kuchunwa: pini, vifuniko, mkono wa gia, vitu visivyochakaa upesi lakini vikivunjika huna pa kukimbilia. Tuliipata maiti yetu Kilifi, chini ya mkorosho, kuku akiwa ameatamia mayai kando ya pangaboi. Mwenye nyumba alituomba tusubiri vifaranga. Tulisubiri wiki mbili.

Wenye bahati mbaya zaidi yetu wapo. Huko Marekani kampuni ya OMC iliuza miguu ya namna yake, ambayo injini ilifungwa kwenye mbavu za boti na gia zikabadilishwa kwa umeme, waya na sumaku zikiwa zimezama ndani ya oili chini ya maji. Mwishoni mwa mwaka 2000 kampuni ilifilisika, na waliobaki na miguu hiyo wakawa kama watoto walioachwa sokoni. Volvo Penta angalau bado ipo, na mipira ya akodiani bado hupatikana kwa kuagiza.

Siku ya kumkagua mgonjwa, Fundi hakuigusa injini kwa saa nzima. Alikuja na bisibisi yenye mpini wa mbao, akapiga magoti nyuma ya boti na kuanza kuligonga tezi kwa mpini, kutoka pembe moja hadi nyingine, kichwa kikiwa kimeinama. Ndani ya faiba ya tezi mna plaiwudi, na plaiwudi iliyokunywa maji haionekani kwa macho. Pazima hujibu kwa mlio mkavu wa mlango. Palipooza hujibu kama godoro. Alipita mara mbili. Pembe ya kulia, chini, alirudi mara ya tatu, akaweka kiganja chake hapo kama anayepima homa ya mtoto, kisha akaendelea. Sikumuuliza. Baadaye aliniambia palikuwa na unyevu wa bolti moja, wa kuzibika.

Halafu akalegeza kizibo cha chini cha mguu na kupokea oili kidogo kiganjani. Nyeusi ni uzee tu. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameshaingia kwenye gia. Yetu ilikuwa nyeusi. Alisugua vidole, akanusa, akakunja uso: mtu alitia oili nzito ya gia za lori, kwa sababu neno gia lilimpotosha. Mguu huu una klachi ya umbo la pia, koni inayobana ndani ya koni, na inataka oili ya injini. Nzito mno huifanya iteleze.

Kilichomkasirisha kweli ni rangi. Boti ilikuwa imepakwa chini ile rangi nyekundu yenye shaba, ya kuzuia viumbe vya magamba visigande. Kwenye faiba hiyo ni sawa. Lakini mpakaji, akiwa na rangi iliyobaki na moyo mkunjufu, alishuka nayo hadi kwenye mguu. Shaba na alumini ndani ya maji ya chumvi ni betri, na katika betri hiyo anayeliwa ni alumini. Mguu ulikuwa na vishimo kama uso uliotoka ndui. Kuna kipande cha zinki hufungwa mguuni makusudi kiliwe badala yake, nacho pia kilikuwa kimepakwa rangi, kinang'aa, kizima kabisa, hakijaliwa hata chembe. Fundi alikikwaruza kwa ukucha.

"Kondoo wa kafara wamemficha chumbani," alisema.

Basi tukanunua, kwa bei ya chini kidogo kuliko iliyotajwa, na kazi ya akodiani tukaipangia siku ya bamvua.

Mtwapa ziko sehemu zenye winchi na reli za kupandishia boti, lakini hulipiwa kwa siku, na Fundi anaamini bahari huinua bure. Bamvua kwetu hujaa alfajiri, mnamo saa kumi, na kupwa mnamo saa nne asubuhi. Tofauti ya kina hupita mita 3. Tuliiingiza boti gizani juu ya mchanga, tukaiegemeza kwenye magogo, tukakaa kunywa kahawa huku maji yakituacha. Saa moja tezi lilikuwa nje. Kuanzia hapo tulikuwa na muda hadi mnamo saa saba, na katikati ya muda huo tungekuwa na boti yenye tundu la upana wa sahani, na bahari ikiwa njiani kurudi.

Mguu hushikwa na pini mbili, kulia na kushoto. Ya kushoto ilitoka kama jino la mtoto. Ya kulia haikutingishika. Hapa nilitegemea nione nguvu. Nilileta nyundo kubwa. Nilikuwa nimeshauona moto wa gesi kwenye sanduku lake. Fundi aliutazama moto, akatazama sanduku la injini, akatikisa kichwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hukaa ngamani kama maji yasiyoonekana, na ndiyo maana kila asubuhi, kabla hata ya kusalimia, hufungua sanduku na kunusa. Ndiyo maana vilevile hakubali stata ya gari kwenye boti, hata kama nati zake zinalingana: ya boti imezibwa cheche zisitoke. Pistoni na gaskiti za Volvo ya barabarani hutia bila wasiwasi. Vya cheche, hapana.

Kwa hiyo alitia dizeli kwenye pini, akaigonga mara tatu kwa nyundo ndogo, akakaa chini. Baada ya dakika kumi akagonga tena mara tatu. Saa nne ikapita, maji yakageuka. Mimi nilisimama, nikatembea, nikaangalia mstari wa mchanga uliolowa ukipanda. Yeye alimenya chungwa. Saa tano na nusu pini ilitoa sauti ndogo, kama mtu anayekohoa kwa adabu, na ikasogea upana wa ukucha. Nikaruka. Akaniambia nikae.

Mguu una uzito wa karibu mfuko wa saruji, na tuliushusha juu ya tairi kuukuu. Akodiani ya zamani ilipotoka tuliikuta na ufa katika mkunjo wa pili, pale ambapo jicho halifiki. Kuufunga mpya kulikuwa kazi ya robo saa, lakini ni robo saa iliyonifunza kuona. Alisugua ukingo kwa msasa hadi ukang'aa, akaupangusa kwa kitambaa kikavu, akavika mpira, kisha akageuza klipu mara kadhaa akitafuta kichwa chake kikae wapi: si juu, kwa kuwa mguu ukiinuka kitaukwaruza mpira, si upande ambao kesho mkono wa fundi hautafika. Alikaza, akashika, akakaza nusu mzunguko. Nilimuuliza alijuaje kuwa imetosha. Alinishikisha mpira kwa dole gumba.

Wakati mguu ukiwa bado umelala kwenye tairi, nilipendekeza tufungue na sanduku la gia la juu, tulitazame tu, maadamu tumeshafika hapo. Naamini hilo ndilo pendekezo ambalo kila mwenye mashine ya zamani hulitoa siku moja. Fundi aliweka spana chini.

"Hapo hatuingii."

Ndani ya sanduku hilo, alisema, mna pete nyembamba za chuma, nyembamba kama karatasi, zilizopimwa kiwandani ili meno ya gia yakutane sawasawa. Ukizichanganya, au ukaipoteza moja kwenye mchanga huu, gia zitalia hadi zife, na maiti yetu ya Kilifi haitasaidia, kwa kuwa pete zake zilipimwa kwa ajili yake. Gia hazipigi kelele. Oili ni nyeusi, si ya maziwa. Basi.

Nimewajua mafundi wengi ambao sifa yao ni kufungua. Huwafuata watoto, huwafuata wenye magari, mashine huwa vipande juu ya turubai na kila mtu husema huyu anajua. Huyu wangu, nikihesabu alivyovifungua siku ile, ni pini mbili, klipu chache na kizibo kimoja. Vingine vyote alivisikiliza, akavinusa, akaviacha. Nadhani ndiyo maana karakana yake haina turubai.

Maji yalitufika vifundoni mguu ukiwa umesharudi mahali pake, oili mpya imetiwa, pini zimepakwa grisi, zinki mpya imefungwa ikiwa uchi kama ilivyozaliwa. Saa nane kasoro boti ilitikisika, ikaelea. Sikuruhusiwa kuiwasha. Fundi alilala kifudifudi juu ya injini, akapitisha mkono nyuma yake hadi chini ya tundu, akapangusa ngama kwa kitambaa hadi ikakauka kabisa, kisha akatandika hapo ukurasa wa Taifa Leo ya wiki iliyopita.

"Tutaonana kesho," alisema.

Usiku ule nililala vibaya. Alfajiri nilimkuta ameshafika, sanduku liko wazi, ameshanusa. Alivuta gazeti taratibu, akaligeuza upande wa pili, akalipapasa kwa mgongo wa mkono kutoka pembe hadi pembe. Kisha akavaa miwani yake na kuanza kusoma matokeo ya mpira.