Riwaya ya Peponi: kijana aliyewekwa rehani

Watu wananiuliza kitabu gani wasome. Jibu langu ni fupi: someni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, na mkimaliza hiyo mfuate Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Lakini sitaki mpokee tu kwa sababu mimi nimesema. Katika kikundi chetu cha kusoma tumegombana sana juu ya Peponi, na nataka niwaambie ugomvi ulikuwa nini, halafu ninyi muamue.

Kwanza kitabu chenyewe. Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikimbilia Uingereza akiwa kijana, yaani ni mkimbizi kama sisi. Riwaya hii aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994. Mwaka 2021 alipata tuzo ya Nobel ya fasihi, na mwaka 2022 Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaitoa kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Fikirini hiyo: mtu mwenye lugha mama ya Kiswahili, kitabu chake kimefika kwa watu wake baada ya miaka karibu thelathini.

Hadithi inamhusu Yusuf, mtoto wa miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo ambayo haiendi vizuri. Kuna tajiri anaitwa Aziz ambaye huwa anapita pale na msafara wake, na Yusuf anamwita mjomba. Siku moja anaambiwa aende kukaa na mjomba pwani. Anafurahi kupanda treni. Kule pwani anamkuta kijana mwingine, Khalil, anauza duka la Aziz. Khalil ndiye anayemfungua macho: huyu si mjomba wako, baba yako ana deni lake, wewe ndiwe rehani. Khalil mwenyewe yuko pale kwa njia hiyo hiyo.

Hapo ndipo kikundi chetu kiliposhikwa. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba hayo ni mambo ya zamani. Kijana mmoja alisema anajua nyumba ambayo binti alitolewa kwa sababu familia ilikopa kwa mfanyabiashara na mgao ukapunguzwa. Mwingine akasema kuna wavulana wanapelekwa kulima kwa watu huko nje, malipo anachukua mtu mwingine. Uzuri wa Gurnah ni kwamba hamfanyi baba awe shetani. Ni baba yake, na bado anamtoa. Aziz naye si mtu wa kelele. Ana sauti ya upole, ananukia vizuri, hampigi Yusuf. Mabaya yote yanafanyika kwa adabu kabisa. Kwa sisi tunaofanya kazi na vijana hili ni somo kubwa, maana mara nyingi tunatafuta mtu mkali mwenye fimbo, na yule mpole anatupita.

Sasa ugomvi. Katikati ya kitabu Yusuf anachukuliwa kwenye msafara wa biashara kuelekea bara. Wanatembea, wanaugua, wanakufa njiani, wanavuka ziwa, mpaka wanafika kwa mtawala anayeitwa Chatu, nchi ya Marungu. Ninyi mliotoka upande wa Moba mnaijua milima ya Marungu. Ziwa hilo ndilo wazazi wetu walilovuka kwa mitumbwi usiku kuja Kigoma. Msafara ulikuwa unakwenda kwetu! Na watu wa msafara wanawaita watu wa bara washenzi, wanacheka meno yao na nguo zao. Dada mmoja alikifunga kitabu akasema, "Ile kitabu inatutukana." Hakurudi wiki mbili.

Mimi sikubaliani naye, ila sababu yake ni nzito na inastahili jibu. Kusema maneno ya mtu si kuyakubali. Gurnah anatuwekea hayo matusi kwenye midomo ya wafanyabiashara, halafu anatuonyesha wao ni nani. Mkubwa wa wapagazi, Mohammed Abdalla, anayejiona amestaarabika kuliko wote, ndiye anayewapiga watu na ndiye anayeogopwa na wavulana. Wanaposema ushenzi uko mbele yao, msomaji anaona wameubeba na mizigo yao. Chatu anapowanyang'anya mali, anatoa sababu: alikuja mfanyabiashara mwingine kabla yao, akadhulumu, basi hawa watalipa. Ni deni tena. Kama vile Yusuf analipa deni ambalo hakukopa, msafara nao unalipa deni la mwenzao.

Lakini kuna jambo moja ambalo yule dada ameliona na mimi nampa haki yake. Ndani ya kitabu tunaingia kichwani mwa Yusuf, tunajua ndoto zake na hofu zake. Kichwani mwa mtu wa upande wa Chatu hatuingii hata mara moja. Chatu anaongea kwa mkalimani. Sisi hapa tunamjua mkalimani. Umekaa kwenye usaili, umeeleza maisha yako dakika kumi, yeye anasema maneno mawili, na mwenye kalamu anaandika. Kwa hiyo Chatu nilimsoma kama mtu aliye kwenye usaili. Najua amesema zaidi ya tulichosikia. Gurnah angeweza kutupa ukurasa mmoja tu wa yule msichana wa kwa Chatu, Bati, akiwa peke yake na mawazo yake. Hakutupa, na hicho kwangu ni kasoro ya kitabu. Mtu wa Fizi au Moba atakayeandika hadithi hiyo kutoka upande wa pili wa ziwa, mimi nitakuwa wa kwanza kuisoma.

Na tusisahau jambo lingine. Kiswahili hiki ninachoandikia kilifika kwetu kwa misafara kama hiyo, karne ya 19, pamoja na pembe na minyororo. Leo ndicho Mbembe, Mfuliro na Mrundi wanasalimiana nacho kwenye bomba la maji.

Mtu ambaye kikundi kizima kilimpenda ni Mzee Hamdani, mtunza bustani wa Aziz. Alikuwa mtumwa. Aliwahi kupewa uhuru akaukataa, akabaki na maua yake. Yusuf hamwelewi, anamuuliza kwa nini. Mzee anamjibu kwa maana hii: uhuru si kitu cha mtu mwingine kunipa, nilizaliwa nao. Wapapa waliotusikiliza siku ile walitikisa kichwa. Sisi maisha yetu yako kwenye karatasi: kadi ya mgao, kibali cha kutoka kambini, barua ya usaili ambayo haiji. Bila karatasi huendi mahali. Kijana mmoja akapinga: "Maneno matamu, lakini mzee bado analima bustani ya tajiri." Ni kweli. Nadhani Gurnah alitaka tubaki na yote mawili, kwamba mzee ana heshima ambayo hawezi kuvuliwa, na kwamba heshima hiyo haikumtoa kwenye geti.

Halafu mwisho. Anayetaka kusoma bila kujua aruke aya hii. Wajerumani wanakuja na askari wao, wanakamata watu kuwapeleka vitani. Yusuf amejificha. Wakishaondoka, anaona mbwa wanakula uchafu walioacha askari. Anajiona yeye mwenyewe kwenye wale mbwa. Kisha anawakimbilia askari. Kitabu kinaishia hapo.

Mfanyakazi mmoja wa shirika aliniambia kitabu hiki kisipewe vijana wetu kwa sababu ya mwisho huo. Anaogopa watajifunza kwenda kwenye makundi ya silaha. Naelewa hofu yake. Sote tunajua wavulana waliopotea, wakasikika baadaye kwamba wako msituni. Lakini Gurnah hasifii bunduki hata kwa neno moja. Anatuonyesha kijana ambaye kila mlango umefungwa: baba amemtoa, Aziz anamshikilia, msichana anayempenda, Amina, ni mke wa Aziz naye pia kwa deni. Kimebaki kitu kimoja kinachotembea, nacho ni jeshi. Anajua ni uchafu na bado anakimbia. Kijana akisoma hapo hapati hamu, anapata hasira na maswali. Kwenye kikundi chetu mjadala wa siku ile ulikwenda mpaka giza, na swali halikuwa "Yusuf ni mjinga?" Swali lilikuwa "nani angeweza kumfungulia mlango, na lini?" Walihesabu nafasi nne ndani ya hadithi. Hebu nanyi mzihesabu.

Ndo maana nasema mfuate na Rosa Mistika. Ilitoka mwaka 1971, ikakatazwa mashuleni, baadaye ikaja kufundishwa. Rosa ni binti wa Ukerewe. Baba yake Zakaria anampiga vibaya kwa ajili ya barua ya mvulana, anamfungia kila kitu, na binti anapotoka kwenda shule hajui hata kuongea na mwanaume bila hofu. Anaharibikiwa hatua kwa hatua. Kiswahili chake ni chepesi kuliko cha Peponi. Kasoro yake ni kwamba mwandishi wakati mwingine anahubiri. Pia Rosa anajiua, kwa hiyo asipewe binti akasome peke yake chumbani na kuachwa hivyo. Kisomeni pamoja, na awepo mtu mzima anayejua kusikiliza.

Kuhusu lugha ya Peponi msiogope. Kuna maneno ya pwani ambayo sisi hatuna. Tulikuwa na nakala moja kwa watu kumi na wawili, basi tulisoma kwa sauti, kurasa kumi kwa siku, na neno gumu linaandikwa ubaoni mpaka apatikane anayelijua. Mara nyingi alikuwa mama mmoja aliyewahi kuuza samaki Kigoma.

Kwa wale wa mashirika wanaosoma hapa: mnapotuletea maboksi ya vitabu, asanteni, lakini vingi ni hadithi za watoto za Kiingereza. Leteni riwaya za Kiswahili, tano tano za kila moja, ili kikundi kisome pamoja. Na yule dada aliyefunga kitabu amerudi na amekimaliza. Bado anasema kinatukana. Nimemwomba aandike sababu zake kwa toleo lijalo, na amekubali.