Mshika Sifuri

Kwa miaka mingi kazi ya kwanza ya kijana aliyeingia ofisi ya usanifu majengo ilikuwa ndogo kiasi cha kuchekesha: kushika ncha ya futi. Mkubwa wake alitangulia na kibati cha futi, yeye akabaki amechuchumaa kwenye pembe ya ukuta, kidole gumba kikiibana sifuri isiteleze, akingoja namba isomwe kwa sauti na mtu wa tatu aiandike kwenye karatasi iliyobanwa ubaoni. Ofisini hapakuwa na kazi ya chini kuliko hiyo, na ni vigumu kutaja nyingine iliyofundisha kiasi kile. Mwanafunzi wa leo anayekwenda PT, yaani mafunzo kwa vitendo, hufika na kompyuta mpakato mgongoni. Huonyeshwa meza na soketi, kisha hupewa faili la nyumba ya mtu mwingine, abadilishe jina la mwenye kiwanja na kukigeuza choo kitazame upande wa pili. Wiki nane baadaye anaondoka na kitabu chake cha mafunzo kimejazwa na kugongwa muhuri. Futi hajaigusa.

Anayeidharau kazi ya kupima hajaitafakari. Chumba hakiwi mraba kwa sababu kinaonekana mraba. Hupimwa ulalo kutoka pembe hii hadi ile ya mkabala, kisha ulalo wa pili, na zikipishana sentimita saba basi kuna ukuta uliokwenda zake. Ukuta wenye mlango na madirisha mawili haupimwi kipande kipande, maana kosa dogo la kila kipande huliongezea lenzake, na mwisho wa ukuta mchoro na nyumba vinakuwa vimeshaachana. Futi hulazwa mara moja, sifuri ikabaki palepale pembeni, na kila ukingo ukasomwa njiani. Ndiyo maana mshika sifuri hakutakiwa kujikuna wala kugeuka kumwangalia mpita njia. Unene wa ukuta hutafutwa mlangoni, maana hapo ndipo ukuta unapoonyesha ubavu wake. Halafu kuna yale ambayo futi huyaleta bila kuulizwa: dirisha liko juu kiasi gani, na aliyeketi kitandani anaona ua au anaona mbingu tupu, paa limetoka nje ya ukuta kwa kiasi gani, na michirizi ya matope chini ya ukuta inasema kiasi hicho kilitosha au hakikutosha. Kijana aliyepima baraza kumi hahitaji tena kuambiwa baraza liwe na upana gani. Magoti yake yanajua.

Kutoka hapo kazi ilihamia mezani, na hapo ndipo wembe ulipoingia. Mchoro wa mwisho ulichorwa kwa wino, kwa kalamu za Rotring zenye ncha za unene tofauti, juu ya karatasi angavu iliyobandikwa kwa gundi ya karatasi kwenye pembe nne. Wino haufutwi kwa raba. Aliyekosea alichukua wembe, akaukwangua mstari taratibu, wembe ukiwa umelala ili usitoboe, kisha akapalainisha pale kwa ukucha ili wino mpya usitapakae. Kosa la mstari mmoja liliweza kula robo saa. Kosa la ngazi iliyowekwa mahali pasipofaa lilikula siku nzima, pengine na karatasi yenyewe. Ni rahisi kuyaona hayo kama mateso yaliyopitwa na wakati, lakini yalimlazimisha mtu kufikiri kabla ya mkono kushuka. Mchoraji aliizunguka ile nyumba kichwani mara kadhaa, akafungua milango yake na kupanda ngazi zake, ndipo akaigusa karatasi. Siku hizi kosa linafutwa kwa kubonyeza vitufe viwili, na kwa kuwa halina gharama kwa anayelifanya, gharama yake husafiri hadi kwa anayejenga.

Ofisi kama shule ni jambo kongwe na halina nchi. Mwanzoni mwa karne iliyopita ofisi ya mbunifu Peter Behrens karibu na Berlin ilipitiwa, ndani ya miaka michache tu, na vijana watatu ambao baadaye walibadilisha sura ya majengo duniani: Walter Gropius, Mies van der Rohe na Le Corbusier, na huyo wa mwisho hakuwahi kumaliza chuo chochote cha usanifu. Hapa kwetu Beda Amuli, aliyesomea Israeli, alifanya kazi katika ofisi ya Waisraeli iliyokuwa Dar es Salaam kabla ya kusimamisha ofisi yenye jina lake. Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, ni kazi yake. Mapaa yake ya zege yamekaa kama miavuli iliyopinduliwa, yanayakinga maji ya mvua na kuyateremsha kwenye tangi chini ya ardhi. Paa la namna hiyo hutoka kwa mtu aliyewahi kusimama mvuani akatazama maji yanakimbilia wapi. Chuo kinaweza kumwambia mwanafunzi kwamba maji hushuka, lakini yanaposhukia hujulikana eneo la kazi. Ndiyo sababu hata sheria za taaluma haziridhiki na shahada peke yake. Mhitimu hufanya kazi kwanza chini ya mbunifu aliyesajiliwa, ndipo Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi imwandikishe.

Mpanda ni mahali pazuri pa kuonyesha gharama ya kuisahau elimu hiyo ya eneo la kazi. Mkoa wake, Katavi, ulizaliwa mwaka 2012 kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604, na ile ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Watu waliozidi mara mbili ndani ya miaka kumi wanahitaji pa kulala, na nyumba zao zinasimama sasa hivi, moja baada ya nyingine. Ofisi nyingi za wabunifu ziko Dar es Salaam, na huko ndiko mwanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi anakofanyia PT yake. Hata mwanafunzi wa chuo cha Mbeya, aliye karibu zaidi, haendi Mpanda kwa wingi. Ramani ndizo zinazokwenda. Zinapita kwenye WhatsApp, zimechorwa na mtu asiyewahi kukiona kiwanja, wakati mwingine na mwanafunzi yuleyule wa wiki nane.

Tazama ukuta peke yake. Kwenye ramani iliyochorwa Dar es Salaam, ukuta ni tofali la saruji la inchi sita, yaani sentimita 15. Mpanda tofali la kawaida ni la udongo, la kuchoma, na kipimo chake ni kipimo cha kibao cha aliyelifyatua. Fundi akitaka ukuta wenye nguvu hulilaza tofali likatize ukuta kwa urefu wake, na ukuta unafika sentimita 23 kabla ya plasta. Zile sentimita nane zinatoka vyumbani. Fundi akivuta kamba yake katikati ya ukuta kama ramani inavyosema, kila upande unapoteza sentimita nne, na choo cha mita 1.2 kinabaki na mita 1.12. Mlango uliochorwa kufungukia ndani sasa unagonga sinki. Kompyuta haikukosea hata milimita. Iliambiwa kumi na tano, ikachora kumi na tano. Kijana ambaye angeipima nyumba moja tu ya tofali za kuchoma mtaani Kashaulili, mlangoni, pale ukuta unapoonyesha ubavu, asingeichora namba hiyo maishani mwake.

Paa nalo lina yake. Mtindo unaotamba ni wa paa la kuficha: kuta zinapandishwa juu kuzunguka bati, nyumba ikaonekana kama sanduku jeupe. Kwenye picha inapendeza. Lakini Mpanda mvua huanza kama Novemba na kuendelea hadi Aprili, na ukuta wa tofali la kuchoma usio na bati lililotoka nje kuufunika hunywa maji msimu mzima. Jua nalo, kwa mji ulio nyuzi sita hivi kusini mwa ikweta, humulika ukuta wa kaskazini Juni na wa kusini Desemba. Paa la zamani lenye upenu mpana lilizikinga pande zote mbili bila kuhitaji maelezo. Waliojenga vile hawakuwa na programu yoyote ya kukokotoa kivuli, ila walikaa chini ya kivuli chenyewe.

Hapa watakuja wenye hoja zao, na baadhi ni nzito. Wa kwanza watasema leo kuna kifaa cha leza kinachosoma urefu wa chumba kabla futi haijatoka mfukoni. Na kitumike. Ubishi haupo kwenye chombo. Anayesimama katikati ya chumba na kubonyeza kitufe amepata namba. Mwili wake haujazipitia pembe zote nne, haujainama penye unyevu wala kujinyoosha penye lenta. Akishazipitia, apime kwa leza au kwa kamba ya katani, ni yaleyale.

Wengine watakumbusha kwamba ofisi za zamani hazikuwa pepo. Ni kweli. Wapo vijana walioyamaliza mafunzo yao wakichemsha chai na kukunja michoro inayonuka amonia, na kuna wakubwa walioificha elimu kama mganga anavyouficha mzizi wake. Kuusifu wembe kusitufanye tumsifu kila aliyeushika.

Hoja ngumu kuliko zote ni ya mkate. Mwanafunzi ana wiki nane, na mwajiri atakayekutana naye baadaye ataanza kumuuliza kama anaijua programu ya Revit au ArchiCAD. Ofisi nayo ina mishahara ya kulipa, na kijana anayerekebisha michoro kumi kwa siku ana faida kuliko anayekwenda kuchuchumaa kwenye pembe za nyumba isiyo ya mteja. Hoja hii haina jibu kamili, na anayedai analo hajawahi kulipa mshahara wa mtu. La kusema ni hili tu: programu hujifunzwa hata usiku chumbani kwa video za bure, na wengi wameijua hivyo. Ukuta haujifunzwi hivyo. Kati ya wiki nane, wiki moja ya futi na penseli isingefilisi ofisi yoyote.

Kisha kuna wasemao Mpanda haina cha kupimwa, ni mji mchanga. Mji ni mchanga, lakini reli iliyotoka Kaliua, kilomita 210 hivi, ilifika mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, na mgodi ulikwisha kitambo. Kusini-magharibi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, iko Karema, ambako Wabelgiji walianzisha kituo chao mwaka 1879 na mwaka 1885 wakakikabidhi kwa Mapadre Weupe. Mwanafunzi aliyekosa nyumba ya kupima katika mkoa wenye historia hiyo hajatoka nje. Na faida ya kupima majengo ya kale haikai kwenye daftari la mwanafunzi tu. Usam Ghaidan, aliyefundisha usanifu Chuo Kikuu cha Nairobi, aliuchunguza na kuuchora mji wa Lamu miaka ya 1970, nyumba na vichochoro vyake, wakati wengi waliuona ni mji unaobomoka tu. Mwaka 2001 Lamu iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Upande wa pili kuna tarehe 25 Desemba 2020, siku sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa Zanzibar mwaka 1883, ilipoporomoka. Jengo likishalala chini, kinachobaki cha kulisimamisha ni michoro ya waliolipima lingali limesimama. Jumba kubwa kama lile lina wapenzi na wafadhili. Majengo madogo ya Karema na ya kando ya reli, yakianguka usiku mmoja wa mvua, yataondoka na vipimo vyao.

Kijana wa kuyapima yupo. Amezaliwa Mpanda, amesoma Mpanda, akafaulu akaenda Dar es Salaam kusomea usanifu, na mwezi wa nane yuko ghorofa ya tano ya jengo la vioo, kiyoyozi kinavuma, anachora nyumba ya vyumba vitatu itakayojengwa nyumbani kwao. Anaandika sentimita 15. Siku ramani itakapofika, fundi ataikunjua juu ya rundo la tofali, ataitazama, ataikunja, na ataanza kuseti jengo kwa akili yake mwenyewe. Hana wa kumshikia sifuri. Anapigilia msumari kwenye kigingi, anaining'iniza ncha ya futi, na kurudi kinyumenyume peke yake, akivuta taratibu ili isichomoke.