Mizani ya Pwani, Nyuzi za Buhaya

Nakaa Bilele, Bukoba mjini, na huku ukisema nanga mzee wa Kihaya hafikirii meli. Enanga ni ala ya muziki: ubao uliofukuliwa katikati kama hori, juu yake uzi umepitishwa kwenda na kurudi. Mpigaji huketi, akaipakata, akatamba habari za mashujaa mpaka usiku ukakolea.

Msikilize vizuri. Mstari mmoja ni mrefu hata pumzi inakaribia kumwishia; unaofuata una maneno mawili tu. Vina hakuna, wala hakuna anayehesabu mizani. Hata hivyo hakuna kinachopwaya. Sauti ikitua, nyuzi zinaendelea na safari, na neno likirudi lazima liangukie palepale vidole vilipofika. Likichelewa kidogo tu, kila aliyeketi pale anasikia.

Mugyabuso Mulokozi, mzaliwa wa Kagera, aliufanyia utambaji huu utafiti wa shahada ya uzamivu, akaimaliza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadaye aliandika pia maisha ya Habibu Selemani, mpiga nanga aliyefariki mwaka 1993. Ndiye huyohuyo ambaye mwaka 1976, pamoja na Kulikoyela Kahigi, alitoa diwani ya Malenga wa Bara. Kisha wawili hao wakaandika Kunga za Ushairi, wakashikilia kwamba vina na mizani si roho ya ushairi. Wanamapokeo, yaani watetezi wa vina na mizani, waliwajia juu. Wengi wao walikuwa wamelelewa na kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954, ambacho jina lake lenyewe linaanza na neno Sheria. Na Sheikh huyo alikuja kuwa Waziri wa Sheria wa Tanganyika.

Mimi nawaunga mkono Mulokozi na Kahigi, lakini si kwa sababu kanuni ni pingu. Nimejaribu mwenyewe mezani. Nilitunga mstari huu: Kahawa ikishaiva, watoto hukimbilia. Mizani nane, kituo, mizani nane. Unatembea wenyewe, huhitaji kuusukuma. Kisha nikauvunja: Kahawa imeiva na watoto / wamekimbilia kibanjani / kuichuma. Hapo nimekata habari ya kawaida vipande vitatu, basi. Kilichoondoka kimeondoka na hakuna kilichokuja mahali pake. Nikarudia: Kahawa. / Imeiva. / Watoto, hao! Sasa kuna kitu. Ule ukimya baada ya neno la kwanza unafanya kazi ya nyuzi, na neno hao linaangukia pale ambapo jicho la msomaji tayari limegeuka kutazama kibanjani. Bado si shairi zuri, lakini uvunjaji wake umelipiwa.

Nadhani mtu aliyekulia penye enanga analijua hilo kabla hajafundishwa. Anajua kuna mapigo yasiyohesabika kwa silabi, na anajua pia kwamba lazima mapigo yawepo.

Kinachonivutia zaidi kwa Mulokozi ni kazi yake ya mwaka 1999, Tenzi Tatu za Kale. Aliyetetea ushairi usiofuata vina aliketi kuhariri Fumo Liyongo, Al-Inkishafi na Mwana Kupona, tungo za pwani zenye mistari minne kila ubeti, mizani ya kupimwa kila mstari (nane katika Fumo Liyongo na Mwana Kupona, zaidi katika Al-Inkishafi), na kina cha mwisho kinachorudi ubeti hata ubeti. Kazi hiyo inadai subira ya neno kwa neno, na asiyeziheshimu kanuni hizo asingeiweza.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeandika, kama hupendi vina, usianze kwa kuvitupa. Itafute Tenzi Tatu za Kale, soma kwa sauti ukihesabu mizani kwa vidole hadi uache kuhesabu. Ukishafika hapo, fungua Malenga wa Bara.