Mzalia Si Mzaliwa: Kusoma Maneno ya Hadhi katika Nasaba za Kilwa

Tuchukue mstari mmoja wa nasaba, wa aina ambayo mtafiti wa ukoo angeweza kuusikia akiketi na wazee barazani, Songo Songo au Kilwa Kivinje: babu wa babu alikuwa mzalia wa Kilwa, akafanya ukibarua, kisha akawa nahodha. Mstari nimeutunga mwenyewe kwa ajili ya mjadala huu, lakini maneno yake yote ni ya mwambao huu, na kila moja humpoteza anayelisoma kwa Kiswahili cha leo peke yake. Sikio la leo husikia kwamba mtu alizaliwa Kilwa, akahangaika, akafanikiwa. Umbo la maneno linaweza kuwa linasimulia maisha mengine kabisa.

Mzaliwa limejengwa juu ya kauli ya kutendwa. Linamtaja mtu aliyezaliwa, basi. Mzalia halina ile -w-. Lina kiambishi cha kauli ya kutendea, na kauli hiyo haitulii mpaka ipate kijalizo: kuzalia wapi, kwa nani? Katika Kiswahili cha karne ya 19 jawabu mara nyingi lilikuwa nyumba ya bwana, kwa kuwa mzalia aliitwa mtumwa aliyezaliwa pwani, tofauti na mtumwa mjinga aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyeijua lugha wala desturi. Ujinga huo haukuwa upungufu wa akili. Ulikuwa kipimo cha ugeni. Madaraja haya yanaelezwa katika *Desturi za Wasuaheli*, kitabu alichokichapisha Carl Velten mwaka 1903, na ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Tazama, kwa kupita tu, jina la mwandishi huyo: Mwinyi, neno la umiliki na heshima, limeganda na kuwa jina la mtu. Hata hivyo mzalia lilitumika pia kwa maana nyepesi ya mwenyeji, na kwa sababu hiyo halitoshi, likiwa peke yake, kuthibitisha utumwa wa mtu yeyote. Linafungua swali, jawabu litafutwe kwa jirani zake katika sentensi.

Jirani wa kwanza ni kibarua, neno ambalo kwangu ndilo lililosanifiwa kwa ustadi kuliko yote katika mstari huu. Asili yake ni barua iliyodogoshwa: cheti alichopewa mfanyakazi na kukirudisha alipolipwa ujira. Karatasi ikammeza mwenye karatasi. Lakini angalia upatanisho: husemi kibarua kimefika, unasema kibarua amefika. Kiambishi awali kinataja kitu, kitenzi kinamrudishia mtu utu wake, na mvutano huo umehifadhiwa katika kila sentensi ambamo neno linatokea. Katika karne ya 19 wengi wa vibarua wa mwambao walikuwa watumwa waliokodishwa, na ujira wao uligawanywa kati yao na mabwana zao. Leo, Songo Songo, kisiwa ambacho gesi yake husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu mwaka 2004, kibarua ni mtu huru anayeuza siku yake. Umbo halikubadilika hata herufi moja. Sheria iliyofuta utumwa Tanganyika mwaka 1922 haikuligusa neno, na hivyo msomaji asiyeuliza mwaka hawezi kujua anamsoma nani.

Nahodha linaonekana kukata shauri, kwa kuwa linasikika kama cheo cha mwungwana. Halikati. Watumwa stadi waliaminiwa usukani wa majahazi, na kazi ya mtu haikuwa lazima iseme hadhi yake.

Vyeo vya utawala navyo hudai tarehe. Akida wa zama za masultani wa Unguja alikuwa mkuu wa askari. Akida wa Wajerumani alikuwa ofisa aliyewasimamia majumbe na kukusanya kodi, naye alikuwa miongoni mwa walengwa wa hasira ya Wamatumbi vita vya Majimaji vilipoanza Julai 1905. Kujitambulisha kama kitukuu cha akida ni kauli isiyokamilika. Kilwa yenyewe ina mazoea ya kale ya usahihi huu: Ibrahim, aliyekuwa akitawala Vasco da Gama alipofika mwaka 1502, anatajwa na mwanahistoria Mreno João de Barros kwa cheo cha amiri, si sultani, na katika tofauti hiyo ya neno moja mgogoro mzima wa uhalali wa utawala wake umefichwa.

Kwa hiyo, msomaji mwenzangu, mzee akikutamkia mzalia, usimsahihishe aseme mzaliwa. Andika kama alivyotamka, kisha muulize: alizalia kwa nani?