Kuvisimulia Vita vya Maji Maji

Mwandishi anayesimulia vita vya kupigania uhuru ana madeni mawili. La kwanza ni hadithi, kwani wasomaji hutaka kuwaona watu, mahali na matukio yanayofuatana. La pili ni kweli. Tukiyatazama masimulizi ya vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa kusini mwa Tanzania tangu 1905 hadi 1907, twaona kwamba deni la kwanza limelipwa vizuri, na la pili limelipwa nusu.

Hadithi tunayoifundisha inafahamika. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ya kugeuza risasi. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba ya kulazimishwa. Agosti 4 Kinjeketile alinyongwa Mohoro, lakini moto ulikwisha kuwaka. Agosti 30 wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge, na mwaka 1906 viongozi wengi wa Wangoni walinyongwa Songea. Hadithi hii ina chanzo, shujaa na mwisho. Kasoro yake ni kwamba imekamilika mno.

Tuulize imetoka wapi. Gavana von Götzen alitoa kitabu chake Berlin mwaka 1909. Yeye alikuwa na utawala wa kuutetea, kwa hiyo aliwatilia mkazo waganga kuliko kodi na kazi za shokoa. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wenye thamani kubwa. Hata hivyo aliviona vita kwa jicho la mtu wa mji wa pwani. Kisha, mwaka 1968 na 1969, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee. Hapo ndipo sauti ya waliopigana ilipoanza kuingia vitabuni kwa wingi, nayo ni sauti ya kuheshimiwa, maana aisifuye mvua imemnyea.

Lakini sauti hiyo nayo yafaa ipimwe. Wazee hao walihojiwa baada ya Uhuru wa 1961, na tangu 1956 Mwalimu Nyerere alikuwa amevitaja vita hivyo mbele ya Umoja wa Mataifa. Mzee aliyeulizwa na kijana msomi wa taifa jipya aghalabu angeanza na umoja. Hatusemi kwamba alidanganya. Twasema kumbukumbu huzungumza na yule aliyeketi mbele yake.

Ebrahim Hussein alipotoa tamthilia yake ya *Kinjeketile* mwaka 1969, alitahadharisha kwamba mhusika wake si yule Kinjeketile wa historia. Kosa ni letu tunaopokea mashaka ya mhusika wa jukwaani na kuyaandika katika majibu ya mtihani wa historia.

Mambo mawili hupotea katika masimulizi yetu. La kwanza ni mipaka ya umoja. Askari wengi wa Wajerumani walikuwa Waafrika, na wako Wahehe waliopigana upande wa serikali hiyo. Mwandishi anayewaficha hao hawezi kueleza jinsi Wazungu wachache walivyoshinda.

La pili ni zito zaidi, nalo ni njaa. Majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji, mashamba na maghala kwa makusudi. Wajerumani wenyewe walihesabu waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa njaa na maradhi, na miongoni mwao walikuwamo wanawake na watoto ambao hawakushika silaha. Basi, masimulizi yanayokoma kwenye kitanzi cha Songea huwaacha nje wengi wa waliokufa.

Mashahidi wa siku zile hawapo tena. Zimebaki karatasi za utafiti, majina ya mahali, na habari ambazo bibi walizipokea kwa mama zao. Mwalimu anayewatuma wanafunzi wake kuuliza asiwape swali moja tu la shujaa alikuwa nani. Wawaulize pia wazee: katika miaka ile watu walikula nini, walichimba mizizi gani, na nani hakurudi kutoka porini. Majibu yake hayatakuwa na shangwe, lakini bila hayo deni la pili litabaki.