Kadi ya Mpiga Kura na Penseli ya Katoro

Katika semina zetu za riwaya ipo sifa moja tunayoigawa kama njugu: "mwandishi amewachora wahusika mpaka unawaona kama kwenye picha." Mimi mwenyewe nimeiandika kwenye mitihani, na alama nimepata. Siku hizi inanikera. Kiswahili chetu huita picha kile kilichochorwa na kile kilichopigwa, nasi wahakiki tumejificha humo humo. Tunasifu kuchora, lakini rula tunayopimia ni kamera.

Niseme kilichonizindua. Mtoto wa shangazi yangu alikuwa mchimbaji mdogo upande wa Geita. Alifia duarani. (Wenzangu wa nadharia msicheke: kule duara ni shimo la dhahabu, siyo aina ya mhusika.) Picha pekee aliyoacha ilikuwa ya kwenye kadi ya mpiga kura. Tukaipeleka kwa mchoraji mmoja pale Katoro, kijana fundi kweli kweli. Akapiga miraba midogo juu ya nakala ya picha, akapiga mikubwa kwenye karatasi, akahamisha mraba kwa mraba kwa penseli. Pua ile ile, masikio yale yale, hata kivuli cha chini ya kidevu. Sote tukasema: jamani, ndiye!

Shangazi, kule Shinyanga, akautazama mchoro muda mrefu, kisha akasema: "Huyu ni wa kwenye kadi."

Alikuwa sahihi. Kijana alikuwa hodari wa mkono, ila alimchora mtu aliyeambiwa atulie, atazame mbele, asicheke. Alinakili amri ya karani.

Na kamera yenyewe, ukifuatilia, ilitokana kwa sehemu na mkono ulioshindwa. Mwaka 1833 Mwingereza William Henry Fox Talbot alikuwa kando ya Ziwa Como, Italia, akijaribu kuchora mandhari kwa msaada wa kifaa chenye prizimu. Michoro ikawa mibaya. Ndipo akaanza kuwaza jinsi taswira ingeweza kujichora yenyewe kwenye karatasi. Sasa sisi tunamweka aliyefeli somo awasahihishie wenzake! Siidharau kamera. Mpiga picha wa studio kama Ranchhod Oza, aliyeanzisha Capital Art Studio pale Zanzibar mwaka 1930, huchagua mwanga, pembe, wakati wa kubonyeza. Kwenye kadi hakuna aliyechagua chochote.

Kuchagua ndiko ninakokusemea. Tutoke Geita kidogo, twende Kondoa. Mwaka 1951 Mary Leakey alikwenda kule kuweka kumbukumbu ya michoro ya kale ya miambani. Kamera zilikuwepo. Hata hivyo alibandika karatasi angavu juu ya mwamba akafuatisha michoro kwa mkono, mstari baada ya mstari. Kamera hubeba vyote kwa pamoja: ufa, doa la maji, mchoro uliolalia mchoro mwingine. Mkono hauna budi kuamua upi ni mguu wa mnyama na lipi ni doa, na unaweza kukosea.

Tulirudi Katoro. Safari hii shangazi alikuja mwenyewe, akaiweka kadi mkobani, akakaa kwenye benchi akasimulia: alivyoinamisha kichwa kabla ya kusema, jicho moja likijifinya. Mchoraji akafuta, akachora, akafuta. Pua haikuwa ya marehemu, ndugu walibishana mpaka jioni. Shangazi hakubishana na mtu. Alilia, akalipa.

Nikiri: polisi wangenipa michoro miwili nimtambue ndugu yangu, ningechagua wa kwanza. Lakini riwaya siyo kituo cha polisi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai kwamba Kezilahabi, aliyetupa Rosa Mistika mwaka 1971, alipotoa Nagona mwaka 1990 alikuwa "amesahau kuchora watu". Eti hawaonekani. Hawaonekani kwa nani, kwa karani? Mtu anaweza kuichoka Nagona, mimi mwenyewe niliiweka chini mara mbili, ila aseme imemchosha, asiidai picha ya pasipoti.

Mchoro wa pili uko ukutani Shinyanga, juu ya redio. Ule wa kwanza shangazi ameuweka kwenye bahasha pamoja na kadi na karatasi za mirathi.